Ugomvi wa Walimu na Busara ya Mkuu wa Shule: Fundisho Kutoka Kenya

Mwezi wa Januari mwaka 2023, watoto wa Kenya waliomaliza darasa la sita chini ya mtaala mpya waliingia darasa la saba. Hawakusafiri kwenda shule ya sekondari ya mbali, wala hawakubeba masanduku ya bweni. Walibaki katika kiwanja kile kile cha shule ya msingi walichokizoea, wakahamia chumba kingine tu. Kwa mtoto lilikuwa jambo dogo. Kwa walimu lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu tangu siku hiyo, chini ya bendera moja na kengele moja, walikuwapo walimu wa aina mbili, wenye elimu tofauti, ajira tofauti na vyama tofauti, na wote wakawa chini ya mwalimu mkuu mmoja.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu aliyepewa dhamana ya kuongoza watu wenye ujuzi. Yanawahusu pia askari wa Jeshi la Ulinzi na wa Jeshi la Polisi, kwanza kwa kuwa wao ni wazazi, na watoto wao wanasoma katika shule zilizo karibu na kambi na vituo. Na pili kwa kuwa kiini cha ugomvi huo kinafahamika vizuri katika kila kombania na kila kituo cha polisi. Kiini hicho ni swali hili: mtu mmoja atawezaje kuwaongoza watu ambao kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye mwenye haki?

Chanzo cha mambo

Tangu mwaka 1985 Kenya ilifuata mfumo wa miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ulianza kutumika nchini kote, na ndani yake miaka mitatu ya kati, yaani darasa la saba, la nane na la tisa, ikafanywa kuwa ngazi ya peke yake, inayoitwa sekondari msingi. Swali likawa: ngazi hiyo iwekwe wapi? Mwaka 2022 Rais William Ruto aliteua jopo la kuangalia upya elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu, na mwishoni mwa mwaka huo ikaamuliwa kwamba madarasa hayo yawe ndani ya shule za msingi. Sababu zake zilieleweka. Mtoto wa miaka kumi na miwili ni bora abaki karibu na wazazi wake, na shule za msingi ndizo zilizoenea hadi vijijini.

Lakini walimu wa kufundisha madarasa hayo walitakiwa wawe na elimu ya kufundisha sekondari, yaani stashahada au shahada. Walimu wa shule za msingi, wengi wao, waliingia kazini na cheti cha ualimu, ingawa si wachache waliojiendeleza baadaye kwa fedha zao wenyewe hadi wakapata shahada. Basi vijana wengi waliajiriwa kwa ajili ya madarasa mapya. Wengi wao hawakupewa ajira ya kudumu, bali mkataba wa mafunzo kazini, wakilipwa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Hivyo mtu mwenye shahada akajikuta anapata chini ya mwenzake mwenye cheti, na yule mwenye cheti akajikuta anaambiwa na kijana wa juzi kwamba hafai kumkagua.

Zaidi ya hayo, walimu wa Kenya wana vyama viwili vikubwa. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilianzishwa mwaka 1957 na nguvu zake ziko katika shule za msingi. Chama cha walimu wa sekondari na vyuo vya kati, KUPPET, kilianzishwa mwaka 1998. Kila kimoja kikadai kwamba walimu wa sekondari msingi ni wanachama wake. Ikawa kama nyumba yenye wajomba wawili: kila mmoja ana maoni yake juu ya mtoto, na mtoto yuko katikati.

Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya kazi jijini Nairobi iliamua kwamba mkataba ule wa mafunzo kazini ulikiuka haki za walimu waliokwisha kuhitimu. Katika wiki zilizofuata walimu hao waligoma, na vyumba vingi vya darasa la saba na la nane vikabaki bila mwalimu. Mwishowe serikali ikatenga fedha, na walimu wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Mgomo huo ulitangazwa katika magazeti na redio. Usiotangazwa ni ugomvi mdogo mdogo wa kila siku katika chumba cha walimu, na huo ndio aliobaki nao mwalimu mkuu baada ya viongozi wa vyama kurudi ofisini mwao.

Kengele moja, saa mbili

Chukua mfano mmoja ulio wazi. Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi nchini Kenya kipindi ni dakika 35. Katika sekondari msingi kipindi ni dakika 40. Shule ina kengele moja. Ikilia baada ya dakika 35, mwalimu wa sekondari msingi anakatizwa katikati ya jaribio la sayansi. Ikilia baada ya dakika 40, mwalimu wa darasa la tano amekwisha kumaliza somo lake na watoto wameanza kupiga kelele, ambazo jirani yake anazisikia kupitia ukuta mwembamba. Siku ya kwanza walimu wawili wanatazamana kwa jicho baya. Wiki ya pili wanajibizana mbele ya wanafunzi. Mwezi wa tatu mmoja amehamisha kiti chake na kukaa chini ya mwembe, na anatuma ujumbe kwa mwenzake kwa kumtumia mtoto wa darasa la saba.

Mtu wa nje ataona kwamba watu wazima wanagombania kengele. Lakini mkuu wa shule mwenye busara anaona zaidi ya kengele. Anaona kwamba mmoja anasema, "Elimu yangu haiheshimiwi," na mwingine anasema, "Miaka yangu ishirini haiheshimiwi." Kengele ndiyo iliyopata bahati mbaya ya kulia siku hiyo.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa fedha. Ruzuku iliyopangwa na serikali ya Kenya kwa mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, na ile ya mtoto wa sekondari msingi ilizidi shilingi 15,000. Fedha zote hizo ziliingia katika shule moja na kupita mikononi mwa mwalimu mkuu mmoja. Mwalimu wa sekondari msingi akiona paa la darasa la tatu linatengenezwa, huuliza zimetoka wapi. Mwalimu wa darasa la tatu akiona wenzake wanaletewa vifaa vya maabara, huuliza kwa nini watoto wake wanakaa wanne katika dawati moja. Maswali yote mawili ni ya haki. Yasipojibiwa kwa hesabu iliyoandikwa, hujibiwa kwa uvumi, na uvumi hauna karani wa kuusahihisha.

Tatu ni mzigo wa kazi. Katika shule nyingi ndogo walimu wa sekondari msingi walikuwa wachache sana, na mwalimu aliyesomea masomo mawili akajikuta anafundisha matano au sita. Mtu aliyechoka hukasirika upesi. Wakuu wengi wa shule wamegundua kwamba ugomvi waliodhani ni wa tabia ulikwisha siku ratiba ya vipindi ilipopangwa upya.

Kwanza kutambua ni ugomvi wa aina gani

Kazi ya kwanza ya mkuu wa shule ni kupambanua, kabla hajaamua lolote. Ugomvi wa walimu uko wa namna nne, na kila namna ina dawa yake.

Kuna ugomvi wa kazi: ratiba, zamu, vyumba, vitabu, nani asahihishe mitihani ya nani. Huu hutatuliwa kwa utaratibu, si kwa nasaha. Kuna ugomvi wa maslahi: posho ya safari, nafasi ya kusimamia mtihani wa taifa, nyumba ya shule iliyo wazi. Huu hutatuliwa kwa uwazi. Kuna ugomvi wa nafsi: deni lisilolipwa, mchango wa chama cha kusaidiana, maneno yaliyosemwa harusini, au mambo ya nyumbani yaliyoingia shuleni na mkoba wa vitabu. Huu unahitaji mtu wa kusikiliza, na mara nyingi mtu huyo si mkuu mwenyewe, bali mwalimu mzee anayeaminiwa na pande zote mbili.

Na kuna jambo la nne, ambalo kwa hakika si ugomvi, ingawa huja limevaa nguo za ugomvi. Mwalimu anapomshutumu mwenzake kwamba amemdhuru mwanafunzi, amemtaka mwanafunzi kimapenzi, au ameiba fedha za shule, mkuu hana ruhusa ya kuwaketisha wawili hao wapeane mikono. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, na mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya walimu wenye mwenendo huo, ukimtaka kila anayefahamu kosa kama hilo kulitoa taarifa. Mkuu anayelifunika kwa jina la amani ya shule hajaleta amani. Amemwacha mtoto peke yake. Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapokutana na kazi ya polisi, na hapana budi zikutane mapema.

Namna ya kusikiliza

Baada ya kupambanua, mkuu husikiliza. Utaratibu unaofaa ni wa zamani kama baraza la wazee. Kwanza kila upande husikilizwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa, bila haraka. Kisha wawili huketi pamoja mbele ya mkuu na shahidi mmoja, ambaye aghalabu ni naibu wake. Kila mmoja anaeleza, mwingine akinyamaza. Mkuu hurudia kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia kutoka kwa kila mmoja, mpaka mhusika akubali kwamba ameeleweka. Hatua hii huonekana kama kupoteza wakati, na ndiyo inayoruka zaidi. Lakini mtu asiyeamini kwamba amesikika hatakubali hukumu yoyote, hata ikiwa ya haki.

Wakuu wenye uzoefu hawayafanyi mambo matatu katika hatua hii. Hawawakemei walimu mbele ya wanafunzi, wala gwaride la asubuhi, kwa sababu mwalimu aliyeaibishwa mbele ya darasa lake hana tena darasa. Hawasuluhishi ugomvi katika kundi la ujumbe wa simu, ambako watu arobaini husoma na kila mmoja huongeza kuni. Wala hawawatumii wanafunzi au walimu vipenzi kuwapelekea habari, kwa kuwa mkuu mwenye wapelelezi katika chumba cha walimu atapata habari nyingi na ukweli mchache.

Yakifikiwa makubaliano, huandikwa kwa ufupi: nani atafanya nini, tangu lini, na siku gani yataangaliwa tena. Karatasi hiyo si onyo. Ni kumbukumbu, ili baada ya mwezi mmoja pasiwe na ubishi mpya juu ya makubaliano ya zamani. Kosa linalofanywa na wakuu wengi ni kuanza na barua ya onyo. Barua huufanya ugomvi wa watu wawili kuwa kesi ya pande mbili, na kila upande huanza kutafuta mashahidi badala ya kutafuta suluhu.

Katika mfano wa kengele, mkuu aliyesikiliza vizuri hatatangaza kwamba upande fulani umeshinda. Ataunda kamati ndogo ya ratiba yenye watu wa pande zote mbili na kuwaambia waje na pendekezo. Huenda wakaamua kwamba kengele ilie mwanzoni mwa siku, wakati wa mapumziko na wakati wa chakula tu, na kati ya nyakati hizo kila mwalimu aangalie saa yake. Na kwamba madarasa ya sekondari msingi yahamie upande mmoja wa kiwanja. Suluhisho hilo halina gharama. Thamani yake ni kwamba limetoka kwa wao wenyewe, nao ndio watakaolilinda.

Kwa habari ya fedha, dawa ni kusoma hesabu mbele ya kikao cha walimu: kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, kwa kila ngazi mbali mbali. Mkuu anayeogopa kufanya hivyo amekwisha kujibu swali aliloulizwa.

Mkuu asiye na upande

Yote hayo hayafai kitu ikiwa walimu wanaamini kwamba mkuu ana upande. Katika Kenya jambo hili lilizua hata sera ya taifa. Tangu mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha wakuu wengi wa shule na walimu wengine kutoka kaunti walizozaliwa. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba mkuu anayeongoza shule ya kijijini kwao huzungukwa na ndugu, jamaa na wanasiasa, na hawezi kuamua ugomvi bila kulaumiwa kwamba amewapendelea watu wake. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini uhamisho huo ulitenganisha familia, ukawapeleka watu mahali wasipojua lugha ya wazazi wa wanafunzi, na ukalalamikiwa sana. Mwishoni mwa mwaka 2022 na katika mwaka 2023 Tume ilianza kuwarudisha wengi karibu na makwao.

Fundisho lake ni kwamba umbali haufanyi mtu kuwa mwadilifu. Mkuu anaweza kuwa mgeni kabisa na bado akawa na vipenzi. Anaweza kuwa mzaliwa wa pale pale na bado akaheshimiwa na wote. Kinachotazamwa na walimu ni mambo madogo: nani hupewa ruhusa akiuguliwa na nani hunyimwa, nani husamehewa akichelewa na nani huandikwa, nani huitwa kwa jina la heshima na nani huitwa kwa kidole.

Vivyo hivyo mkuu hana haki ya kutumia silaha aliyopewa kwa kazi nyingine. Tangu mwaka 2016 walimu wa Kenya hupimwa utendaji wao kwa fomu maalumu za tathmini, na mkuu wa shule ndiye anayezithibitisha. Mkuu anayempunguzia mtu alama kwa sababu walibishana katika kikao amekwisha kuharibu vitu viwili kwa mkupuo: ameiharibu tathmini, maana hakuna atakayeiamini tena, na amejiharibia mwenyewe usuluhishi, maana hakuna atakayemweleza ukweli.

Hata uhamisho una mipaka. Wapo wakuu ambao dawa yao ya kila ugomvi ni kuomba mmoja ahamishwe. Pengine yafaa, hasa pale ambapo uhusiano umeharibika kabisa. Lakini mwalimu mgomvi akihamishwa bila kuambiwa kosa lake, shule iliyompokea imeletewa moto uliofunikwa majivu. Na ikiwa chanzo kilikuwa ratiba mbovu, mwalimu mpya atakayeletwa atagombana na yule yule aliyebaki kabla ya muhula kwisha.

Pale suluhu inaposhindikana

Kuna nyakati ambapo maneno mema hayatoshi. Mwalimu anakataa agizo halali, anamtukana mwenzake mara kwa mara, au anampiga. Hapo mkuu huacha kuwa msuluhishi na kuwa msimamizi wa kanuni, na yafaa awaambie wahusika waziwazi kwamba amebadili nafasi. Katika Kenya njia yenyewe imewekwa. TSC, ambayo iliundwa kwa sheria mwaka 1967 na sasa imo ndani ya Katiba ya mwaka 2010, ina kanuni za walimu za mwaka 2015 zinazoeleza hatua: maelezo ya mdomo na ya maandishi, onyo, shauri kupelekwa kwenye bodi ya shule au kwa maofisa wa Tume, mwalimu kusimamishwa ili kupisha uchunguzi ikibidi, na kupewa nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza kabla ya kumfukuza, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake.

Baadhi ya wakuu huziona hatua hizo kama vikwazo. Si vikwazo. Ndizo zinazomlinda mkuu asije akaamua kwa hasira ya asubuhi jambo litakalofutwa na mahakama baada ya miaka miwili, huku shule imekwisha kugawanyika. Wala haifai kumwona mwakilishi wa chama kama adui. Mwakilishi mwenye akili akielezwa mambo mapema huweza kumtuliza mwanachama wake kwa maneno ambayo mkuu hawezi kuyasema.

Luteni kijana na sajini mkongwe

Wasikilizaji walio katika majeshi huenda wakasema kwamba kwao mambo ni mepesi zaidi: cheo kinajulikana, amri hutolewa, na amri hutiiwa. Ni kweli kwamba mwalimu si askari. Hana cheo begani, na sehemu kubwa ya kazi yake huifanya peke yake, mlango wa darasa ukiwa umefungwa, ambako hakuna amri inayoweza kumlazimisha afundishe kwa moyo. Mkuu wa shule anaweza kumlazimisha mwalimu kuwapo. Kumlazimisha kufundisha vizuri hawezi.

Walakini mfano wa Kenya unafanana na jambo linalojulikana katika kila jeshi duniani. Luteni kijana anatoka chuoni Monduli, amesoma, ana nyota mpya begani. Katika kikosi anamkuta sajini aliyetumikia miaka ishirini, aliyekwisha kuona misafara, mipaka na misitu. Mkaguzi msaidizi wa polisi mwenye shahada anafika kituoni na kumkuta sajini anayemjua kila mwizi wa mtaa ule kwa jina la mama yake. Kwa mujibu wa kanuni swali la nani mkubwa limekwisha kujibiwa. Lakini kamanda mwenye hekima anajua kwamba kijana asipojifunza kumsikiliza mkongwe, na mkongwe asipokubali kuongozwa na kijana, kikosi kitapiga saluti vizuri na kufanya kazi vibaya. Hiyo ndiyo kazi iliyomwangukia mwalimu mkuu wa Kenya, tofauti ni kwamba yeye hakupewa hata kanuni iliyo wazi ya nani mkubwa.

Hapo ndipo lilipo kosa la msingi. Watoto waliingia darasani kabla ya mamlaka kuainishwa. Ni mwaka 2024, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, ndipo ulipotangazwa mpango wa kuziunganisha ngazi hizo ziwe shule moja chini ya mkuu mmoja mwenye manaibu wawili, mmoja kwa madarasa ya msingi na mmoja kwa sekondari msingi. Walimu wengi wa sekondari msingi waliupinga, wakidai kuwa na uongozi wao wenyewe. Upande wowote uliokuwa na haki, wahenga walikwisha kusema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo kikienda mrama, wa kwanza kulowa ni abiria, ambao hapa ni watoto.

La kujifunza

Si kazi ya Tanzania kuwaamulia majirani mambo yao, na Wakenya wenyewe wameyajadili kwa uwazi mkubwa bungeni, mahakamani na magazetini. Lakini mwenye busara hujifunza kwa nyumba ya jirani. Tanzania nayo inatekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, inayofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na kuufanya mwaka wa kumi kuwa mwisho wa elimu ya lazima. Kwa mujibu wa utaratibu huo, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na makundi mawili yatagonga mlango wa sekondari kwa wakati mmoja. Yatahitajika madarasa na madawati, hayo yanahesabika. Yatahitajika pia mamlaka yaliyo wazi, ratiba za haki na wakuu wa shule waliofundishwa kusuluhisha, na hayo hayaonekani katika orodha ya vifaa.

Majeshi yenyewe yana shule. Makongo ni ya Jeshi la Wananchi, na Jitegemee ni ya Jeshi la Kujenga Taifa; huko raia na wanajeshi huweza kukutana katika chumba kimoja cha walimu. Ofisa anayepewa kuongoza shule ya namna hiyo hana budi kukumbuka kwamba sauti ya gwaride haifai katika kikao cha walimu, ingawa uadilifu wa gwaride unafaa kila mahali.

Na askari polisi anayeitwa shuleni kwa sababu walimu wawili wamepigana ana wajibu wa aina mbili. Shambulio ni kosa la jinai, na aliyeumizwa ana haki ya kufunguliwa jalada. Lakini askari mwangalifu huuliza pia kama ameitwa kwa kosa, au ameitwa ili jalada lake liwe fimbo katika ugomvi wa ratiba. Na akikuta kwamba nyuma ya ugomvi huo yupo mtoto aliyedhuriwa, hapo hakuna suluhu ya chumba cha walimu, na kazi yake ndiyo inaanza.

Mkuu wa shule bora hapimwi kwa ukimya wa chumba cha walimu. Chumba kilicho kimya huweza kuwa kimejaa watu wasiosemeshana. Hupimwa kwa jambo jingine: kwamba walimu waliobishana saa nne asubuhi, saa tano kila mmoja yuko darasani mwake, na mtoto aliye mbele yao hajui kwamba palikuwa na ubishi.